Kizito Kuliko Kinavyoonekana

Jumatatu, 3 Machi

Nusu ya kwanza ya daftari hili ni vifua, viuno na mabega ya wateja wangu. Kuanzia ukurasa huu si vipimo tena. Cherehani nimeifunika shuka, kibanda nimekifunga, na leo nimejiandikisha kutafuta mabaki ya chombo cha anga kilichopasuka juu ya kinamasi wiki mbili zilizopita, kikirudi duniani na watu watatu ndani yake.

Fomu iliuliza jina, umri, na kama nina maradhi ya miguu. Haikuuliza kama nina ndugu. Ingeuliza ningejibu, angalau ndivyo ninavyojiambia. Mdogo wangu, niliyemlea tangu alipokuwa na miaka sita, mama yetu alipofariki, ndiye fundi aliyeweka raba ya mlango wa chombo kile. Ndiye mtu wa mwisho kuugusa mlango kwa nje.

Mkubwa wetu wa kazi tunamwita Mpimaji, mwembamba, sauti ya upole, anayetembea na kamba na vigingi kana kwamba anakwenda kutuuzia viwanja. Ametugawa mistari sita, watu kumi kumi, tupige hatua pamoja bega kwa bega. Akatufundisha sheria. Kipande cha kawaida: futa, kausha, bandika namba, tia mfukoni, maana chuma kikilala kimelowa kwenye mfuko kinaota kutu. Lakini ukipata kisanduku kinachorekodi safari, mambo yote kinyume. Usikifute. Usikikaushe. Kitie kwenye ndoo pamoja na maji yale yale kilimokuwa, funika, piga filimbi.

"Kikiwa majini kimelala," alisema. "Ukikikausha ndipo uchafu na kutu vinaanza kukila ndani. Na msitegemee rangi. Kilikuwa cha rangi ya chungwa, sasa kitakuwa na masizi. Tegemeeni uzito. Kitu kizito kuliko kinavyoonekana, usikifute."

Watu walicheka. Mmoja akauliza kwa nini basi wanakiita kisanduku cheusi. Mpimaji akasema waliokipa jina hawakuwahi kukitafuta.

Ndoo ya mstari wa nne nimepewa mimi, kwa kuwa nilisimama karibu nayo.


Jumanne, 4 Machi

Mvua. Vipande kumi na viwili. Magoti.


Jumatano, 5 Machi

Mdogo wangu amesimamishwa kazi mpaka tume imalize uchunguzi. Anakaa kwangu, chumba ninachowekea vitambaa. Mtu mzima wa miaka thelathini na tano, kitanda kinamwishia kwenye vifundo vya miguu.

Leo nimerudi nikamkuta amepanga makopo yangu yote mezani, la sukari, la chumvi, la majani ya chai. Analifunga moja, anapitisha kidole gumba ukingoni kulizunguka, mara tatu, halafu analifungua tena.

"Raundi ya kwanza unatafuta mchanga," aliniambia bila kuinua kichwa. "Ya pili unatafuta mkunjo. Ya tatu unajiridhisha. Halafu unatia sahihi."

"Na siku ile?"

"Fomu inasema tatu. Mwandiko ni wangu."

"Sikuuliza fomu."

Alilivuta kopo la chumvi. "Dada, ukihesabu na ya mazoezi, nimefunga milango ile zaidi ya mara mia nne. Nakumbuka kufunga. Lakini siku ile, peke yake, nikiitafuta siioni."

Halafu akanieleza jambo ambalo Mpimaji hakutueleza. Kisanduku kile kinaandika hewa inavyokaa kila pembe ya chombo, mpaka sekunde ya mwisho. Kama hewa ilianza kutoka mlangoni, ni raba yake. Kama ilianzia kwingine, si yeye. Jibu limo, limeandikwa, limelala matopeni.

"Hata kama ni mimi," alisema, "nijue."

Kwa hiyo najua sasa ninatafuta nini.


Jumatatu, 10 Machi

Jirani yangu kwenye mstari ni mzee aliyesambaza barua miaka thelathini, tunamwita Posta. Anasema mbwa wote wa mji huu wamewahi kuonja suruali yake. Mimi ananiita Cherehani. Filimbi anaishika yeye, ndoo naishika mimi, kwa hiyo ametutangaza mume na mke wa kazi.

"Mke wangu, ndoo tupu leo tena?"

"Tupu kama kichwa cha mwenye filimbi."

Mpimaji amenisifu mbele ya watu. Eti vipande vya mstari wa nne ndivyo visafi kuliko vyote. Nabeba vitambaa vyangu mwenyewe, mabaki ya pamba, naingiza kidole kwenye kila kona. Umri wangu huu bado nafurahia kusifiwa mbele ya watu, nikatembea kutwa nzima kifua mbele.


Ijumaa, 14 Machi

Leo amekuja mama mzazi wa rubani. Amewekewa kiti nje ya kamba, mwavuli, akakaa kututazama tangu asubuhi. Tulipopumzika alinishika mkono, matope na yote.

"Mwanangu alikuwa haniachi na swali," alisema. "Nikimuuliza kitu lazima anijibu. Nitafutieni jibu lake."

Nilimwambia tutalipata. Nilitaka kuongeza neno nikalimeza.


Jumatatu, 17 Machi

Wamekuja watafutaji wapya, na Mpimaji amenipa mimi niwafundishe. Futa, kausha, bandika, mfukoni. Kizito kuliko kinavyoonekana, usikifute. Nikawakaririsha mpaka Posta akasema nimekosea kazi, ningekuwa mwalimu wa darasa la kwanza.


Alhamisi, 20 Machi

Vipande sita. Mdogo wangu: "Mmekipata?" Mimi: "Bado."


Jumamosi, 22 Machi

Vipande vinane. "Mmekipata?" "Bado."


Jumatano, 26 Machi

Mvua kubwa mno, kazi imesimama. Nimeshinda naye nyumbani kutwa nzima na nimegundua siijui tena sura yake. Mashavu yameingia ndani. Nikasonga ugali, akakata tonge moja akaliviringisha mkononi mpaka likapoa. Mjini wameshamhukumu. Lisemwalo lipo, ndivyo alivyoniambia muuza nyanya, bila kujua anasema na nani.


Jumatano, 2 Aprili

Leo mstari mzima umemjadili yeye wakati wa mapumziko. Fundi wa raba. Mmoja anasema alikuwa amelewa. Mwingine anasema alilala, eti ana shemeji yake anayejua. Mdogo wangu hanywi hata soda. Posta, ambaye nilidhani ana akili, akatikisa kichwa na kusema mtu wa namna hiyo afungwe na ufunguo utupwe huku huku kwenye kinamasi.

"Wewe unasemaje, mke wangu?"

Nikasema sina la kusema, mimi mshonaji. Naandika hapa kwa aibu. Nilimlea, nikamshonea sare zote za shule, na leo nimemkana kwa kipande cha mkate wa mapumziko.


Jumamosi, 5 Aprili

Asubuhi nimegombana na mdogo wangu, amekataa chakula tena, nikamwambia ananiua mimi pia. Mvua. Vipande vinne, kimoja kama nusu mkate, kidogo lakini kizito mpaka mkono umeniuma. Nimevifuta, nimevipeleka hema la kukaushia, nimewahi kurudi. Hakuwa amekula.


Jumapili, 6 Aprili

Nimefua.


Jumatatu, 7 Aprili

Nitaandika polepole.

Tumefika asubuhi, tumepanga mistari, Posta ameshaanza vituko vyake. Mpimaji akatoka kwenye hema la kukaushia. Feni ya joto ilikuwa bado inavuma nyuma yake, ilivuma tangu Jumamosi, maana ndivyo tunavyoiacha. Mikononi alikuwa na kile cha nusu mkate. Kimekauka, kimekuwa cha kijivu, na kwenye mfereji wa skrubu moja, mahali masizi hayakufika, kulikuwa na mstari mwembamba wa rangi ya chungwa.

"Nani amekifuta?"

Hakuhitaji jibu, lebo ilikuwa na mwandiko wangu. Watu sitini walinitazama, na mimi nimesimama nimeshika ndoo.

Angefoka ningepumua. Hakufoka. Alikuja akaichukua ndoo mkononi mwangu taratibu, akaijaza maji, akakitumbukiza mle, akafunika, kama mtu anayemnywesha maiti dawa kwa kuwa dawa ipo. Halafu akaondoka na gari kwenda maabara. Posta alipuliza filimbi, kidogo tu, kwa kuwa sheria inasema kikipatikana ipigwe. Ilikuwa sauti mbaya kuliko zote nilizowahi kusikia.

Sasa nimekaa na daftari. Nimesoma nilichoandika Jumamosi. Kidogo lakini kizito. Maneno yale yale niliyowakaririsha wageni, nimeyaandika kwa mkono wangu, na sikuyasikia. Naitafuta ile saa. Vipande vitatu naviona: bamba, waya, kipande cha kigae. Cha nne sikioni. Naona kitambaa changu. Namwona mdogo wangu akisukuma sahani, nikiwa bado namjibu moyoni. Mwezi mzima mikono ilikuwa imefuta, imekausha, imebandika, na siku ile iliendelea bila mimi.

Mdogo wangu aliuliza, "Mmekipata?"

Nikasema ndiyo.

Alikula. Sahani nzima, akaongeza. Nilimtazama akila na sikuweza kumwambia zaidi.


Jumanne, 8 Aprili

Amenyoa ndevu. Amepiga pasi shati.


Jumatano, 9 Aprili

Bado sijasema.


Jumatano, 16 Aprili

Mtaalamu wa maabara amekuja mwenyewe, mama wa makamo, miwani imefungwa kwa kamba shingoni. Alitaka kumwona aliyekipata. Hakuja kulaumu, alikuja kujua kilikaa kwenye joto kwa saa ngapi.

"Saa arobaini," nikasema. "Zaidi kidogo."

Aliandika. Kisha akanieleza kama anavyoelezwa ndugu wa mgonjwa. Safari nzima wameisoma, mpaka dakika nne kabla ya kupasuka. Mlango hadi hapo ni mzima, kila kitu hadi hapo ni kizima. Dakika nne za mwisho zilikuwa kwenye kijisehemu kilicholiwa na kutu, na kimeliwa chote.

"Kingekuja ndani ya maji?"

Alivua miwani. "Mama, sipendi kusema hivi. Lakini umeuliza. Nadhani tungesoma chote."

Alipoinuka kuaga aliitazama tena fomu yangu ya kazi, jina langu na jina la baba. Akalisoma jina la baba mara mbili. Aliniangalia, na niliona ameelewa, na niliona amesikitika kuelewa.

"Fundi wa mlango ni nani wako?"

Mficha maradhi kifo humuumbua. Nikamwambia.


Alhamisi, 17 Aprili

Mpimaji ameniachisha kazi. "Kama ungeniambia siku ya kwanza," alisema, "nisingekupa hata kamba ushike, lakini leo ningekuamini."

Posta hakunitania. Nilimsubiri aseme lolote, hata tusi. Alisema tu, "Cherehani, niambie ukweli. Ulikijua?" Nikasema sikukijua. Akaitikia kwa kichwa kwa adabu, kama anavyoitikia mtu aliyezoea kusikia wenye nyumba wakisema barua haikufika.


Ijumaa, 18 Aprili

Mama wa rubani alikuwa amesimama mlangoni kwangu asubuhi. Nilimkaribisha, hakuingia.

"Damu nzito kuliko maji," alisema. "Nakuelewa. Mimi pia ningefanya." Halafu akaondoka. Nilimfuata mpaka barabarani nikimwambia sivyo, mama, sivyo, na kila nilivyosema nilijisikia kama mwongo.


Jumamosi, 19 Aprili

Muuza nyanya ameshamwambia mdogo wangu kabla yangu. Nilichelewa siku kumi na mbili.

Nilimkuta amekaa kitandani kwake, shati la pasi mwilini, viatu miguuni, kama anayesubiri kuitwa.

"Dada, sina hasira," alisema. "Nina swali moja. Uliona nini?"

"Wapi?"

"Kwangu. Uliona nini kwangu mpaka ukaamini ni mimi?"

Sikumwelewa. Kisha nikamwelewa. Mji mzima unasema nimekikausha makusudi ili nimwokoe. Na mtu haokolewi kama hana kosa. Alikuwa ananiuliza kwa nini mimi, niliyemlea, nimemhukumu kabla ya tume.

Nilipiga magoti nikamshika miguu. Nikamwapia kwa kaburi la mama. Sikuona kitu, sikuamua kitu, sikujua. Nilikifuta kwa kuwa nilikuwa nafuta. Nilisema, "Mikono ilifanya yenyewe. Nimetafuta ile saa kichwani, sikumbuki. Najua sheria, naifundisha, nilikuwa nimeshika ndoo, na mikono ikafanya yenyewe!"

Nilidhani namwondolea mzigo. Aliniinua, akanikalisha kitandani, akanifuta matope ambayo hayakuwepo magotini. Aliniamini. Hilo naliandika hapa kwa sababu hakuna mwingine aliyeniamini.

"Kwa hiyo inawezekana," alisema.

"Nini?"

"Mtu anayejua kazi yake. Asiyelewa. Anayependa. Akafanya mara mia nne, na ya mia nne na moja mikono ikaenda bila yeye, na akaandika kwenye lebo kwamba yote sawa." Alikuwa anaongea polepole, kwa upole kabisa. "Nilikuwa naapa kwamba haiwezekani, Dada. Ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho."


Jumatatu, 28 Aprili

Mvua. Nimefungua kibanda. Hakuna aliyekuja.


Jumanne, 6 Mei

Mteja mmoja, amekuja kuchukua kitambaa chake, hakijashonwa.


Jumatatu, 19 Mei

Ripoti imetoka. Posta ndiye aliyeniletea gazeti, akaliingiza chini ya mlango bila kubisha hodi, kazi ya zamani haisahauliki. Chanzo cha ajali hakikuweza kuthibitishwa. Raba ya mlango haiwezi kuthibitishwa kuwa chanzo, wala haiwezi kuondolewa katika vinavyodhaniwa. Kisanduku kiliharibika baada ya kupatikana. Mimi nimetajwa kama mtafutaji mmoja wa mstari wa nne mwenye uhusiano wa kifamilia. Wenye la kuongeza wana wiki moja kufika mbele ya tume, kisha faili lifungwe.

Majirani wamempongeza mdogo wangu. Umepona, wanamwambia, hawana ushahidi. Maji yakimwagika hayazoleki, anza maisha mapya. Anawashukuru mmoja mmoja.


Ijumaa, 23 Mei

Mvua imekatika. Watu wameanika kila kitu nje, magodoro, zulia, mahindi. Mimi nguo zangu nimezikamua nikaziacha ndani ya beseni. Najua ni upuuzi.


Jumatatu, 26 Mei

Siku ya mwisho ya tume.

Asubuhi amevaa lile shati. Nikamuuliza unakwenda wapi, akasema anakwenda kuwaambia hawezi tena kuapa kwamba alizungusha mara tatu. Wafute kiapo alichowapa mwanzoni mwa uchunguzi.

"Watakufunga," nikasema. "Hawana kitu, na wewe unawapelekea."

"Sisemi ni mimi. Nasema sijui."

"Wao watasikia ni wewe."

"Basi wasikie."

Nilibishana naye. Nilimwambia juu ya mama, juu ya sare za shule, juu ya miaka ishirini na tisa. Nilimwambia alizungusha mara tatu, mimi namjua, hajawahi kufanya kazi nusu nusu tangu utotoni. Alinisikiliza mpaka mwisho. Wakati wote huo alikuwa anatengeneza chai yangu, kama anavyofanya kila asubuhi. Alitia sukari, akakoroga, akafunga kopo, akapitisha kidole gumba ukingoni, akalirudisha rafuni. Nilikuwa namtazama mikono. Sikuwa na pengine pa kutazama.

Aliniwekea kikombe mbele.

"Dada, sasa hivi nimezungusha mara ngapi?"

Nikasema tatu, kwa kuwa huwa ni tatu.

"Na mimi ndivyo nilivyoandika," alisema.

Akavaa viatu, akatoka. Chai ninayo mbele yangu, imepoa, na kopo liko rafuni. Nimelishika mara nyingi tangu saa tatu. Kwa kulishika huwezi kujua.